Maumivu Sugu na Dawa Zilizozoeleka: Somo kwa Kaya za Mpakani



Katika mikutano ya ulinzi wa jamii, baada ya kuzungumza juu ya wizi wa mifugo, ajali za bodaboda na ugomvi wa mashamba, huwa anabaki mtu mmoja pembeni akisubiri watu watawanyike. Akisogea, husema kwa sauti ya chini: "Afande, mama yangu anatumia dawa kali ya maumivu. Nikikutwa nayo njiani, nitafungwa?" Ukimjibu na kumtuliza, swali la pili hufuata: "Ameitumia miaka mingi, na maumivu bado yapo. Je, tumwachishe?"

Swali la kwanza ni la sheria, na la pili ni la tiba. Hata hivyo yote mawili hukaa katika nyumba moja, na mara nyingi jibu baya la swali moja huharibu jibu la lingine. Mtu anayemwogopa polisi huitupa dawa chooni, na anayeyaogopa maumivu huinunua kwa mchuuzi wa magendo. Wote wawili wanaweza kupoteza uhai. Somo hili linayajibu maswali hayo mawili kwa pamoja. Yanayohusu tiba humu ni mafundisho ya jumla yanayokubalika miongoni mwa wataalamu wa afya, nayo hayachukui nafasi ya daktari, tabibu au muuguzi anayemjua mgonjwa wako.

1. Maumivu ya kwetu

Maumivu yanayodumu zaidi ya miezi 3 huitwa maumivu sugu. Hapa kwetu hayahitaji kutafutwa mbali. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza uzalishaji mwaka 1956, reli ilipofika Kasese, na ukaendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wapo wazee waliobeba mawe na kuinama katika njia za chini ya ardhi, na migongo yao inakumbuka hadi leo. Wapo akina mama wanaopandisha na kuteremsha mizigo ya kahawa, muhogo na kuni katika miteremko ya Rwenzori. Wapo wachimba chumvi wa Katwe, vijana waliovunjika miguu katika ajali za pikipiki, wagonjwa wa saratani, na watoto wenye selimundu, ugonjwa unaojulikana sana upande wa pili wa milima, Bundibugyo.

Maumivu ya watu hawa ni ya kweli hata kama picha ya eksirei haionyeshi mfupa uliovunjika. Yanapokaa muda mrefu, mishipa ya fahamu na ubongo hujifunza kuumwa, kama kengele ya hatari inayoendelea kulia moto ukiwa umekwisha kuzimwa. Kwa hiyo tusimwambie mgonjwa kwamba anajifanya. Neno hilo ndilo linalomfukuza kwenye kituo cha afya na kumpeleka kwa mchuuzi.

2. Dawa tunazozizungumzia

Kuna dawa za maumivu zinazotokana na mmea wa afyuni, au zilizotengenezwa kufanya kazi kama afyuni mwilini. Mofini, kodeini, pethidini, fentanili na tramadoli ni za jamii hiyo. Zinapotumika ipasavyo ni neema kubwa: baada ya upasuaji, baada ya ajali, na kwa mgonjwa wa saratani. Heroini nayo ni ya jamii hiyo hiyo, na ndiyo maana watu wengi huziweka dawa zote hizi katika kapu moja la "madawa ya kulevya". Kosa hilo ndilo chanzo cha matatizo mengi tunayoyaona.

Uganda ina historia njema katika jambo hili. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, akaleta mofini ya maji inayonywewa, ambayo hutengenezwa kwa gharama ndogo kutokana na unga wa mofini, maji, kihifadhi na rangi. Mwaka 1998 huduma hiyo ilifika upande wetu wa magharibi kupitia Mobile Hospice Mbarara. Mwaka 2004 kanuni zilibadilishwa ili wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu waweze kuandika mofini ya kunywa, kwa kuwa madaktari walikuwa wachache na wagonjwa walikuwa vijijini. Nchi yetu ikawa miongoni mwa za kwanza duniani kuchukua hatua hiyo. Mofini hiyo hutolewa kwa mgonjwa bila malipo. Anayekuuzia chupa yake anakuibia.

3. Mambo matatu yanayochanganywa

Mtu akitumia dawa hizi kwa muda mrefu, mambo matatu tofauti yanaweza kutokea. Tuyatenganishe, kwa sababu kila moja lina jibu lake.

La kwanza ni kuzoea. Mwili huizoea dawa, na dozi iliyotosha mwaka jana haitoshi leo. Hili si kosa la tabia, ni kazi ya mwili.

La pili ni kutegemea. Mwili umejipanga kuishi na dawa, kwa hiyo dawa ikikatizwa ghafla mtu huugua: hupiga miayo, hutokwa na machozi na kamasi, hutoka jasho, husisimka ngozi, huharisha, tumbo humsokota, hakosi wasiwasi, na usingizi humpaa. Vijana wa pwani huiita hali hii arosto. Mgonjwa mwaminifu anayefuata maagizo ya daktari kwa miezi mingi anaweza kuipata. Si dalili kwamba amekuwa mhalifu.

La tatu ni uraibu. Hapa mtu huitafuta dawa ingawa inamharibia maisha: anauza mbuzi wa familia ili ainunue, anadanganya, anaitumia ili alewe, na hawezi kujizuia japo anataka. Uraibu ni ugonjwa, nao una tiba.

Liko jambo la nne ambalo wengi hawalijui. Kwa baadhi ya watu, dozi kubwa ya muda mrefu huifanya mishipa ya fahamu iwe nyepesi zaidi kuumwa. Mgonjwa huongeza dawa, maumivu huongezeka na kusambaa, naye huongeza tena. Yuko kama mtu anayekunywa maji ya chumvi ili kukata kiu. Mgonjwa wa namna hii hasaidiwi na dozi kubwa zaidi. Anahitaji mpango mpya.

4. Hatari mbili: kuongeza bila mpango na kukata bila mpango

Nchi nyingine zimekwisha kulipia somo hili. Nchini Marekani, kuanzia miaka ya 1990, dawa hizi ziliandikwa kwa wingi mno kwa kila aina ya maumivu, na watu wengi wakafa kwa kuzidisha dozi. Baadaye, hasa baada ya mwongozo wa mwaka 2016 uliohimiza tahadhari, baadhi ya waganga waliwakatia wagonjwa dawa kwa ghafla. Matokeo yake yalikuwa mateso makali, wengine wakageukia heroini ya mitaani, wengine wakajiua. Mwezi wa Aprili 2019 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilitoa onyo dhidi ya kukata dawa ghafla, na mwaka 2022 mwongozo mpya ukasisitiza kwamba upunguzaji uwe wa polepole na wa maelewano na mgonjwa.

Afrika nayo ina habari yake. Huko magharibi mwa bara letu, tramadoli ya magendo ilienea sokoni kwa vijana, na mwezi wa Mei 2018 serikali ya Nigeria ilipiga marufuku utengenezaji na uingizaji wa dawa ya kikohozi yenye kodeini. Bidhaa za magendo hazijui mipaka, nasi tunaoishi mpakani tuna sababu ya kukaa macho.

Kuhusu tramadoli, shikeni neno hili: mtu mzima hapaswi kuvuka miligramu 400 kwa siku, na wazee au wenye ugonjwa wa figo au ini hupangiwa chini ya hapo. Akizidisha, anaweza kupata degedege hata kama hajawahi kuwa na kifafa. Na kapsuli ya magendo haina uhakika: maandishi ya pakiti yanaweza kusema jambo moja, na kilichomo kikawa kingine.

Aidha, kuna hatari iliyojificha upande wa kuacha. Mtu aliyeacha dawa kwa wiki kadhaa hupoteza uzoefu wa mwili. Akirudia siku moja dozi yake ya zamani, dozi ile ile aliyokuwa akiihimili inaweza kuzima pumzi yake. Familia zinazompokea ndugu aliyetoka gerezani au hospitalini zilijue hili.

5. Mfano wa Mzee

Tumchukue mtu wa mfano. Si mtu fulani wa kijiji fulani. Tumemuunda kwa ajili ya somo. Ni mzee wa miaka 68, aliyekuwa mchimba migodi, mwenye maumivu ya mgongo. Miaka mitano iliyopita alipewa tramadoli, kapsuli 2 za miligramu 50 kwa siku. Zilipopungua nguvu, akaongeza mwenyewe. Leo anameza kapsuli 8, yaani miligramu 400. Nusu huzipata kwenye duka la dawa, nusu huletewa na kijana wa bodaboda. Mgongo bado unauma, choo kimefunga, usingizi ni wa vipande vipande, na akichelewa kumeza hutoka jasho na kutetemeka. Wanawe wanataka kuzifungia dawa zote kabatini kesho asubuhi.

Hatua ya kwanza ni kusema ukweli wote kwa mhudumu wa afya. Mzee aeleze anameza ngapi, anazipata wapi, na kama anakunywa waragi au dawa za usingizi. Muuguzi mwema atamwambia, "Mzee wangu, sikukaripii; nataka kujua tuanzie wapi." Mgonjwa anayeficha nusu ya dozi hupangiwa mpango wa nusu ya ugonjwa.

Hatua ya pili ni kuuchunguza upya mgongo wenyewe. Je, miguu imepoteza nguvu? Je, mkojo au haja kubwa havizuiliki? Je, anapungua uzito, ana homa au kikohozi cha muda mrefu? Kifua kikuu cha uti wa mgongo na saratani vinaweza kujificha nyuma ya "mgongo wa uzee". Dawa kali huweza kuziba mdomo wa ugonjwa unaojaribu kusema.

Hatua ya tatu ni kuweka nguzo nyingine kabla ya kuondoa ile iliyozoeleka. Mazoezi mepesi ya kila siku, kutembea kidogo kidogo na kuongeza hatua kila wiki, kitambaa chenye joto, namna bora ya kuinama na kubeba, usingizi wa saa za kawaida, na kumtibu kama ana huzuni kubwa au hofu. Parasetamoli husaidia wengine, lakini mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku. Ibuprofeni na diklofenaki zina faida kwa muda mfupi, ila zinaweza kuumiza tumbo na figo, hasa kwa wazee. Kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, yale yanayochoma kama moto au kama umeme, daktari anaweza kuandika amitriptilini kwa dozi ndogo usiku. Hata hivyo amitriptilini ikichanganywa na tramadoli huongeza hatari ya degedege, kwa hiyo mchanganyiko huo si wa kujipangia nyumbani.

Hatua ya nne ni kupunguza polepole. Kwa mtu aliyetumia dawa kwa mwaka mmoja au zaidi, wataalamu hushauri kupunguza takriban asilimia 10 ya dozi kwa mwezi. Kwa Mzee wetu, kutoka kapsuli 8 kwenda 7 ni karibu na kiwango hicho. Akituama hapo kwa mwezi mmoja na mwili ukatulia, mtaalamu anaweza kuondoa nyingine. Kadiri kapsuli zinavyopungua, ndivyo kila moja inavyokuwa sehemu kubwa zaidi ya dozi iliyobaki, kwa hiyo mwisho wa safari huenda polepole kuliko mwanzo. Ikiwa mwezi fulani ni mgumu, anasimama palipo bila kurudi juu. Safari inaweza kuchukua mwaka mmoja au zaidi, na hilo si aibu. Wengine hufika sifuri, wengine hubaki kwenye dozi ndogo iliyo salama. Kipimo cha mafanikio ni maisha: je, Mzee anaweza kulala, kwenda ibadani, kulisha mbuzi wake na kucheza na wajukuu? Maumivu yanaweza yasiishe kabisa, lakini yanaweza kurudishwa kwenye kona ya nyumba badala ya kukalia kiti cha mwenye nyumba.

Na kama tatizo limekwisha kuwa uraibu? Hapo kuna tiba maalumu. Hospitali ya Butabika mjini Kampala ilifungua mwaka 2020 kliniki inayotoa methadoni na buprenofini kwa watu wenye uraibu wa heroini na dawa za jamii hiyo. Tanzania ilianza huduma ya methadoni Muhimbili mwaka 2011, na Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014. Mtu anayeitafuta tiba hiyo ni mgonjwa anayetafuta hospitali. Msaidieni afike.

6. Mgonjwa wa saratani asipunguziwe kwa hofu

Yote tuliyosema juu ya kupunguza hayamhusu mgonjwa aliye katika saratani kali au katika siku zake za mwisho. Huyo mofini ni haki yake. Kwa kawaida mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4 kwa saa, bila kungoja maumivu yarudi, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Si kweli kwamba kupewa mofini ni kuhukumiwa kifo, na si kweli kwamba mgonjwa atakuwa mlevi. Ikiwa dozi haitoshi, mwambieni muuguzi. Msiongeze wenyewe, na msipunguze kwa sababu jirani amesema. Mgonjwa wa selimundu naye, anaposhikwa na maumivu makali, anastahili kutibiwa haraka na si kushukiwa kwamba amekuja kutafuta dawa.

7. Sheria inataka nini

Sasa turudi kwenye swali la mkutanoni. Sheria ya Udhibiti wa Dawa za Kulevya ya mwaka 2023, iliyokuja baada ya Mahakama ya Katiba kuitengua ile ya awali, inawalenga wanaouza, wanaosafirisha na wanaomiliki dawa hizo kinyume cha sheria. Mgonjwa aliyeandikiwa dawa na mtaalamu mwenye mamlaka hayo, akaipata kwa njia halali na kuitumia kwa ugonjwa wake, si mtu anayewindwa na sheria. Hata Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961, ulio msingi wa sheria hizi duniani, unakiri tangu utangulizi wake kwamba dawa hizi ni za lazima katika kuondoa maumivu na kwamba zinapaswa kupatikana kwa kazi hiyo.

Nitasema jambo moja linalonihusu, kwa kuwa somo linalowafundisha wananchi peke yao ni nusu ya somo. Katika miaka yangu ya mwanzo kazini, tukiwa kwenye kizuizi cha barabarani jioni, tulipekua mfuko wa dada mmoja tukakuta chupa ya mofini. Cheti alikisahau nyumbani. Alitueleza kwamba ni ya mama yake. Hatukumwamini, tukaizuia chupa ile kituoni hadi asubuhi, alipofika muuguzi na kuthibitisha kila neno. Sheria ilituruhusu kuuliza. Busara ilitutaka tupige simu moja usiku ule ule. Hatukupiga. Yule mama alikaa usiku mzima bila dawa. Dada yule alipoichukua chupa yake hakututukana, alisema tu, "Afande, usiku ulikuwa mrefu." Neno hilo sijalisahau.

Kwa hiyo, maofisa wenzangu, tukikuta dawa ya namna hii tuulize mambo manne: ni ya nani, nani aliiandika, ilitolewa wapi, na nani wa kupigiwa simu athibitishe. Na tukiwa na mtuhumiwa mahabusu anayetoka jasho, kutapika na kutetemeka, tusidhani anaigiza. Katiba yetu, ibara ya 23, inampa aliyekamatwa haki ya kupata matibabu, na inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Mpelekeni hospitalini kwanza. Nanyi wananchi kumbukeni: dhamana ya polisi ni bure.

8. Kubeba dawa na kuvuka mpaka

Kwa anayembebea mgonjwa dawa kutoka hospitali ya Bwera, Kagando au Kilembe hadi kijijini:

- Dawa ikae kwenye chupa au pakiti yake yenye jina la mgonjwa na dozi. Usiihamishie kwenye chupa ya soda.
- Beba cheti cha dawa au kitabu cha mgonjwa, pamoja na kitambulisho chako.
- Andika namba ya simu ya kituo kilichoitoa.
- Beba kiasi kinacholingana na siku za matumizi tu.

Kwa anayevuka Mpondwe kwenda Kongo au kuja Uganda, cheti cha upande mmoja hakikupi ruhusa moja kwa moja upande wa pili. Muulize kwanza mhudumu wa afya, kisha maofisa wa mpakani, kabla ya kuondoka. Itangaze dawa mwenyewe kabla hujapekuliwa. Na ndugu wa Kasindi mwenye mgonjwa asiogope kuuliza: tangu Ebola ilipovuka mpaka huu mwezi wa Juni 2019, tumejifunza kwamba aliyejificha na ugonjwa wake hutuhatarisha sote, na aliyejitokeza hutusaidia sote.

Usikubali kamwe kubeba kifurushi cha "dawa za jirani" ambacho hujui kilichomo. Ukiona kapsuli zinauzwa kwenye mabeseni sokoni, kwenye vibanda vya simu au kwa vijana wa stendi, tuarifu sisi au uongozi wa kijiji. Mchuuzi huyo ndiye tunayemtafuta.

9. Usalama wa nyumbani

Fungia dawa mahali ambapo mtoto hafiki. Usimgawie jirani hata kama anaumwa vivyo hivyo. Mgonjwa akifariki, dawa iliyobaki irudishwe kwa muuguzi au kituo kilichoitoa. Usichanganye dawa hizi na waragi, tonto wala vidonge vya usingizi. Mchanganyiko huo huzima pumzi.

Dalili za kuzidisha dozi ni hizi: mtu haamki hata ukimwita na kumtikisa, anapumua polepole mno au kwa kukoroma, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, midomo na kucha vimebadilika rangi. Mlaze kwa ubavu, usimpe maziwa wala maji mdomoni, usimwache peke yake, na mfikishe hospitalini mara moja. Kama ameacha kupumua, mpulizie pumzi mdomoni huku mkitafuta usafiri. Hospitalini iko dawa iitwayo naloksoni inayoweza kumrudisha. Pigeni 999 au 112. Mwambieni daktari ukweli kuhusu alichomeza. Kumwokoa mtu ndilo jambo la kwanza.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kijiji

1. Kuna tofauti gani kati ya kuzoea dawa, kuitegemea na kuwa mraibu? Toa mfano wa kila hali bila kumtaja mtu.
2. Kwa nini wana wa Mzee wetu wasizifungie dawa zote kabatini kesho asubuhi? Wafanye nini badala yake?
3. Ni mgonjwa yupi ambaye dozi yake haipaswi kupunguzwa kwa sababu ya hofu?
4. Ukitumwa kuchukua mofini ya mgonjwa hospitalini, utabeba nini mkononi?
5. Kijijini kwenu, mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kupatikana wapi usiku, na namba yake nani anayo?

Jibu la yule aliyebaki pembeni mwa mkutano, basi, ni hili. Hutafungwa kwa dawa halali ya mama yako. Beba cheti, nasi tutaheshimu chupa yako. Wala usimwachishe ghafla. Mpeleke kwa mtaalamu, mweleze yote, na mpange pamoja njia ya polepole. Mwenye maumivu asilazimike kuchagua kati ya mchuuzi na usiku mrefu.